Kona Aliyoichimba Baba

Mwaka jana mdogo wangu alinipigia simu kutoka Nyakasimbi kuniuliza habari za tuta. Alitaka kujenga banda la kuanikia kahawa nyuma ya nyumba ya wazazi, na fundi wake alikuta ardhi isiyoeleweka. Mteremko unaanza vizuri, ghafla unapinda kama umekunjwa kwa mkono, halafu linakuja tuta, halafu shimo. Fundi alidhani pana kaburi la zamani, akaweka jembe chini na kukataa kuendelea mpaka aelezwe. Nilicheka peke yangu jikoni, huku nimeshika kisu na kitunguu. Nikamwambia mdogo wangu amtoe fundi wasiwasi, asawazishe tu, hajazikwa mtu pale. Ile ilikuwa barabara ya gari la mashindano, na aliyeichimba ni baba.

Mdogo wangu hakumbuki. Wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mimi nilikuwa darasa la tano na nakumbuka mpaka harufu. Kaa basi nikusimulie.

Baba alikuwa dereva wa lori. Lori halikuwa lake, lilikuwa la tajiri mmoja wa Kayanga, lakini sisi watoto tuliliita letu. Alikusanya ndizi na kahawa vijijini, Karagwe na Kyerwa, akashusha Murongo, mara nyingine Bukoba. Jioni alirudi ananuka dizeli na ndizi zilizoanza kuiva, ana mkungu begani, nami nikikimbilia kumvua viatu. Vumbi jekundu lilimjaa mpaka kwenye kope. Pembeni yake hakukosa utingo wake, mwanamume mrefu mwenye maneno mengi, ambaye ukoo wao ulitoka Rwanda enzi za babu zake wakahamia chini ya kilima chetu. Utingo ndiye aliyeweka gogo nyuma ya tairi lori likikataa mlima, ndiye aliyepanda juu ya mzigo kufunga kamba, na ndiye aliyemwamsha baba kwa hadithi barabara ikiwa ndefu. Alimwita baba "suka", kama matingo wote wanavyowaita madereva wao.

Siku ya ajali sikuwepo, na sitajifanya nilikuwepo. Ninachojua ni kwamba lori lilikuwa linashuka mlima likiwa limejaa ndizi, breki zikakataa, likagonga ukingo wa udongo na kulala kwa upande wa abiria. Baba alitoka na mchubuko kwenye paji la uso. Utingo alivutwa kutoka chini ya chuma, mguu na nyonga vimevunjika, akapelekwa hospitali Mwanza.

Tajiri hakumlaumu baba. Alilitengeneza lori, akafunga breki mpya, akatuma ujumbe kwamba usukani unamsubiri. Baba akajibu, "Bado." Ujumbe ukaja tena, naye akajibu vilevile, mpaka akatafutwa dereva wa kushikilia kwa muda. Baba akahamia shambani. Alikata majani makavu ya migomba mpaka migomba ikabaki kama kuku walionyonyolewa. Mama akimwekea ndizi na maharage, alizitazama mpaka zikapoa. Gari likisikika barabarani kule chini, aliinuka na kuingia ndani, kimya, kama mtu aliyekumbuka kitu chumbani.

Kilichomtesa mama zaidi ni kwamba baba hakuuliza habari za utingo hata mara moja. Mama alikwenda mwenyewe kwa mke wa utingo, akapeleka maziwa na ndizi, akarudi na habari kwamba watu wanasema hatatembea tena. Alizisema polepole, akimtazama baba. Baba akainuka, akaingia ndani. Mama akanishika bega akaniambia, "Usimuulize baba yako kitu. Mwache kwanza." Nikaacha. Lakini nyumba yenye mtu asiyesema ni nzito, nawe ukiwa mtoto unajifunza kutembea kwa vidole.

Utingo alirudi msimu wa senene. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa barazani nawanyonyoa mabawa na miguu, ungo umejaa, mikono inanata. Nikaona mtu anapanda njia yetu kwa fimbo ya kwapani, anapumzika, anapanda tena, mfuko mkubwa umening'inia shingoni. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Alisimama kama anataka kuingia ndani, lakini mlangoni alikuwa amesimama mama, na mama hakusogea.

"Shikamoo, suka," utingo akasema, anahema.

"Marahaba," baba akajibu, akakaa tena.

Mama akaleta kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama tunavyofanya kwetu mgeni akifika. Utingo akakaa, akatafuna, akatema maganda, kisha akafungua mfuko wake kama mtu aliyeondoka jana tu. Ndani mlikuwa na gari.

Nilikuwa nimeshaona magari ya watoto, yale ya plastiki. Hili lilikuwa kitu kingine. Lilikuwa lori dogo la mashindano, la umeme, la kukimbizwa kwenye udongo kwa rimoti. Matairi yake yalikuwa na meno kama gunzi la hindi, kila tairi limeshikiliwa na mkono mrefu, na kila mkono ulikuwa na springi na shokapu yake ya kweli, ndogo kama kidole changu. Halikuwa na bodi. Ungeweza kuona mota yake, waya zake na gia zake, kila kitu wazi. Rimoti yake ilikuwa na usukani mdogo ubavuni na kifyatulio cha kuvuta kwa kidole.

"Ndugu yangu anauza mitumba pale Murongo," utingo akaeleza. "Lilitokea ndani ya mzigo wa vitu vya watoto kutoka ng'ambo. Halina bodi, halitembei, shokapu zimekauka. Watu wamelipita tu. Nikasema hili ni la suka."

Baba akalitazama. Mwisho akanyoosha kidole, akalikandamiza kwa nyuma. Likazama, likainuka, likaendelea kurukaruka lenyewe.

"Shokapu zimekufa," baba akasema.

Mama aligeuka haraka akaenda jikoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa sentensi nzima ya kwanza tuliyoisikia tangu ajali.

Utingo akawa anakuja kila siku. Alisema daktari amemwagiza atembee, na njia ya kwetu ndiyo yenye mlima mzuri. Baba alitandaza gunia safi barazani, akalifungua gari lote kwa bisibisi ndogo alizoazima kwa fundi wa pikipiki pale senta, akapanga kila skrubu ilipotoka. Sikuruhusiwa kupiga chafya.

Betri ilikuwa imekufa kabisa. Hapo ndipo akaingia mwenye duka wa Kayanga, mzee wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka Tanga, aliyetuuzia daftari na sukari miaka yote. Kumbe naye alikuwa na gari kama lile. Alisema aliwanunulia wajukuu, lakini wajukuu walisema babu hawaruhusu kuligusa. Alitupatia betri yake ya zamani, akawa anatuchajia dukani kwa sababu sisi hatukuwa na umeme, na dereva wa bodaboda alituletea imeviringishwa kwenye kitambaa kama mkate. Siku moja ilikuja na salamu: tukimaliza kutengeneza, yuko tayari kwa mashindano.

Siku tuliyofunga betri, magurudumu ya mbele yaligeuka kushoto yakabaki kushoto, kama mbuzi aliyeona shamba la mtu. Baba akazungusha kitufe kidogo kwenye rimoti, kidogo tu, akiinama na jicho moja, mpaka yakatazama mbele. Akaniambia nivute kifyatulio. Nikavuta, gari likarudi nyuma likagonga ungo wa mama. Utingo akacheka mpaka akashika nyonga yake. Baba akabadilisha waya mbili za mota, huu huku na ule kule, na gari likajua mbele ni wapi.

Lakini lilipiga kelele, kelele ya kukwaruza inayouma meno. Baba akasema gia zimebanana. Akachana kipande cha karatasi ya pakiti ya majani ya chai, akakiingiza kati ya gia ndogo ya mota na gia kubwa, akaisukuma mota mpaka karatasi ikabanwa, akakaza skrubu, kisha akazungusha gurudumu na karatasi ikatoka upande wa pili imekunjamana. "Unene wa karatasi," akaniambia. "Nafasi hiyo inazitosha." Nikavuta tena. Kelele ilikuwa imekwisha, pamebaki mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga.

Shokapu zilitusumbua zaidi. Kwanza baba alijaza mafuta ya cherehani ya mama, mepesi mno, na gari likaendelea kurukaruka kama ndama. Fundi wa pikipiki akampa mafuta ya shokapu za pikipiki, mazito kidogo. Baba akayamimina polepole, akapandisha na kushusha kile kijiti cha ndani, akangoja viputo vipande juu. "Usiharakishe," aliniambia. "Hewa ikibaki ndani, gari halitatulia." Akafunga shokapu zote nne, akaliinua gari mpaka magotini, akaliachia. Likaanguka kwa kishindo kidogo, likatulia palepale. Utingo akapiga makofi. Baba akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akajifuta mikono haraka kama aliyefumaniwa.

Wakaanza kubishana, na ubishi wao ulikuwa mtamu kuliko redio. Utingo alitaka gari liwe juu ili lipite mashimoni, baba alitaka liwe chini ili lisipinduke. Utingo alitaka springi za nyuma zikazwe, baba akasema zikikazwa mkia utarushwa. Mama alininong'oneza tukimenya ndizi, "Sikia wanavyogombana, waitu." Alikuwa anatabasamu huku machozi yanamlenga.

Kisha baba akachukua jembe akaenda nyuma ya nyumba kuchimba barabara.

Alianzia juu kwenye migomba, akateremsha mpaka karibu na bonde. Aliweka tuta la kurukia na shimo la maji. Katikati ya mteremko akachimba kona, kulia ukingo wa udongo uliosimama, kushoto shimo tupu. Aliichimba muda mrefu, anarudi nyuma kuitazama, anaongeza udongo, anapunguza. Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni akiwa na mwiko mkononi. Alikuwa ameshafika mahali pa ajali, mimi sijafika. Alipoona ile kona alijishika mdomo.

Mimi ndiye niliyekuwa dereva. Baba hakushika rimoti kamwe. Alifunga na kufungua kila kitu, lakini ikifika wakati wa kuendesha aliniita mimi, yeye akachuchumaa pembeni. Na kila nilipofika kwenye ile kona, gari lilipinduka. Baba akalishusha kimo. Likapinduka. Akayalaza matairi ya mbele kidogo, juu yakaingia ndani. Likapinduka. Akabadilisha springi za mbele na za nyuma, akasogeza betri. Mimi nikaanza kulia kwa hasira.

"Suka," utingo akasema siku hiyo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, fimbo yake mapajani. "Gari halina tatizo tena. Binti anaogopa, anashika breki katikati ya kona. Shika wewe."

"Sishiki."

"Kwa nini?"

Baba alikuwa anachezea udongo kwa kidole. "Unajua kwa nini. Siku ile ningeshika sawasawa, usingekuwa unatembelea hiyo fimbo."

Utingo aliinua kichwa akamtazama. Nadhani hakutegemea kwamba ni hilo.

"Ndilo ulilokaa nalo siku zote hizi?" akauliza. "Suka, mimi nilikuwa macho. Nilikuona unakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini, hakuna kitu. Mbele kushoto hakuna ardhi, ni bonde tupu. Nikasema moyoni, basi, wanangu ndio hivyo. Wewe ukalipeleka ukutani kwa upande wako. Upande wako, suka! Ungeweza kuruka ukaniacha humo."

"Likakulalia wewe."

"Likanilalia mguu. Kule bondeni tungekuwa tunaokotwa." Akapiga fimbo chini. "Mke wangu anakuombea kila siku, na wewe ukisikia gari unakimbilia chumbani."

"Mbona hukusema?"

"Ningekwambia wapi? Hukuja hospitali." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Baba akainamisha kichwa. "Niliogopa kukuona."

"Najua. Ndiyo maana nimepanda mlima na mguu huu." Utingo akanigeukia, akanyoosha mkono. Nikampa rimoti, naye akaiweka kwenye mikono ya baba, akaifunga mikono hiyo kwa yake.

Gari lilishuka. Kwenye kona likapinduka, kama nilivyolipindua mimi. Nilidhani baba atatupa rimoti. Badala yake aliguna, akateremka kuliinua, akalifuta vumbi kwa shati lake, akalirudisha juu. Safari ya pili alipunguza mwendo mapema kabla ya kona, akaacha breki, akaligusisha ukingo wa kulia kidogo tu, vumbi likaruka, na gari likatoka upande wa pili likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote. Likaruka tuta. Likapita maji. Likafika chini likasimama. Baba akakaa chini kwenye udongo, akapumua pumzi ambayo nadhani aliizuia tangu siku ile ya ndizi. Utingo, na maneno yake yote, alitafuna kahawa tu.

Jumapili mwenye duka akaja kutoka Kayanga, kofia nyeupe imenyooshwa, gari lake limefungwa kwa kanga ya mkewe. Lilikuwa na bodi ya buluu inayong'aa, na karibu yake letu lilionekana kama limesahau kuvaa. Majirani waliotoka kanisani wakasimama kandokando. Mzee aliendesha kama kijana anayefukuzwa. Alifika kwenye kona ya baba bila kujua breki ni nini, gari lake likapaa moja kwa moja mpaka kwenye maharage ya mama. "Yarabi!" akapiga kelele, akakimbia mwenyewe kulifuata, kanzu ameishika kwa mkono mmoja. Baba alikuwa mbele kwa mbali. Kisha betri yetu ikachoka, gari likaanza kutambaa kama mtu anayepanda mlima na mkungu, na lile la buluu, bodi imepasuka na jani la haragwe limenasa kwenye tairi, likatupita mbele ya macho ya watu wote. Mzee akainua mikono miwili kama aliyeshinda uchaguzi.

Baba akacheka. Kicheko cha tumboni, cha kuinama na kushika magoti. Mama alitoka jikoni mbio kuja kuona ni nani anayecheka hivyo nyumbani kwake.

Baada ya hapo hazikupita siku nyingi. Baba alivaa shati safi, akaenda Kayanga kwa tajiri, na asubuhi iliyofuata akalichukua lori. Utingo alikwenda naye, ingawa hakuweza kupanda juu ya mzigo. "Nitakaa tu ndani nikutazame," alimwambia, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mpaka mguu ulipopona.

Watu hao sasa wametawanyika. Mwenye duka amefariki, Mungu amrehemu, na dukani kwake wanauza simu. Utingo anauza spea Murongo na anatembea bila fimbo, isipokuwa mvua ikikaribia. Lile gari lilikufa polepole, gia zikalika, betri ikavimba, mdogo wangu akayatafuna matairi alipokuwa anaota meno. Baba amestaafu. Anasinzia barazani mchana na malori yakipita hafungui hata jicho. Nikimtazama amelala hivyo, nashukuru.

Lakini iko asubuhi moja ninayoitamani. Ni ile ya kwanza, baba aliporudi barabarani. Mama alikuwa shambani, nami nilikuwa nimemshikia kapu. Lori likasikika linakuja kule chini, likafika kichwani mwa mteremko ule wa ajali. Mama akasimama. Mama hakuwahi kushika usukani maishani mwake, lakini alizijua gia za baba kwa masikio, kama alivyomjua mtoto anayelia kwa njaa na anayelia kwa usingizi. "Amepunguza," akanong'ona. "Ameweka mbili." Injini ikanguruma nzito, ikashuka, ikashuka, ikapotea kwenye mkunjo wa mlima. Mama alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Kisha upande wa pili sauti ikatokea, ikabadilika, ikaanza kupanda. "Amevuka," mama akasema. Akakaa chini palepale katikati ya maharage, akanyoosha miguu kama msichana, akacheka huku akijifuta macho kwa upindo wa kanga.

Siku hizi barabara nyingi kwetu zinatiwa lami, na mtu akifika anatuma ujumbe kwenye simu. Mimi mwenyewe hutuma, na mama hunijibu kwa kunitumia picha ya maua. Ni vizuri, watu wanafika salama zaidi. Ila malori sasa yanapita na sauti moja kutoka juu mpaka chini, na hakuna mwanamke anayesimama shambani akajua, kwa masikio yake tu, kwamba mtu wake ameshavuka.